Posta ya Mjerumani, Amu: iwekeni Witu ukutani

Barua ya wazi

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya;
Kwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, na waziri wake anayeshughulikia utamaduni na utalii;
Nakala kwa Shirika la Posta la Kenya.

Waheshimiwa, Assalamu alaykum.

Nawaandikia kuhusu nyumba moja iliyoko Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Lamu, ambao wenyewe twauita Amu, ile inayojulikana na kila mtoto wa mji kwa jina la Posta ya Mjerumani. Siombi ibadilishwe jina wala ijengwe upya. Naomba isimulie habari yake kamili.

Wajerumani walifungua posta yao pale tarehe 22 Novemba 1888 na kuifunga Machi 1891. Ni miaka miwili na miezi kidogo tu. Katika muda huo mfupi, ufalme uliokuwa ng'ambo ya pili, upande wa bara, ulibadilishwa bwana bila kuulizwa, mji wake mkuu ukachomwa moto, na mfalme wake akafa mkimbizi. Ufalme huo ni Witu. Posta ile ilifunguliwa kwa sababu ya Witu, na ikafungwa kwa sababu ya Witu. Mtu anayeingia nyumba ile na kutoka bila kulijua hilo ameona nyumba nzuri ya zamani na picha za Wazungu, basi.

Nina jambo la kusema pia juu ya sifa ambayo nyumba hii imezoea kupewa katika vijitabu vya watalii na midomoni mwa waongozaji: kwamba ndiyo posta ya kwanza Afrika Mashariki. Sivyo. Zanzibar ilikuwa na posta iliyoendeshwa na Serikali ya India tangu 1875, na kabla ya hapo ilijaribiwa kwa muda mfupi kuanzia 1868. Tukisema ni miongoni mwa posta za mwanzo kabisa katika ardhi ambayo leo ni Kenya, hapo tumesimama juu ya jambo la kweli, na hilo peke yake ni kubwa. Amu haina haja ya kukopa sifa. Ina habari nzito zaidi ya kuwa wa kwanza.

Habari yenyewe inaanzia kwa mtu aliyeitwa Ahmed bin Fumo Luti, ambaye watu walimpa jina la Simba. Alikuwa wa ukoo wa Nabhani, waliotawala kisiwa cha Pate kwa karne nyingi. Hakukubali kuinama mbele ya Sultani wa Zanzibar, na mambo yalipomwia mazito visiwani alivuka bara, akajikita Witu, ndani ya msitu, katika mji uliozungushiwa boma. Waliomfuata huko hawakuwa watu wa Pate peke yao. Kulikuwa na watumwa waliokimbia mashamba ya pwani, Watoro, ambao walijijengea vijiji vyao ndani ya misitu ileile na kulima chakula chao wenyewe. Kulikuwa na watu waliogombana na maliwali wa Zanzibar, na wengine waliokimbia madeni. Kwa wenye mashamba wa Amu, Witu ilikuwa pango la wahalifu. Kwa mtumwa wa Amu, ilikuwa mahali pa kukimbilia. Sisi tuliozaliwa Amu tuna mababu katika pande zote mbili za habari hii, na huenda ndiyo sababu hatuizungumzi sana.

Wala tusimpambe Simba kuliko alivyokuwa. Watu wa Witu walivamia mashamba, waliteka na kuuza watu, ilhali mtawala wao aliwapa hifadhi waliotoroka utumwa. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja. Makumbusho yenye heshima yanaweza kuyaweka yote mawili ukutani, mgeni akayasoma na kufikiri mwenyewe.

Simba alihitaji rafiki mwenye bunduki ili Zanzibar isimmeze. Rafiki akaja kwa sura ya ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt. Clemens alikwishaupanda mto Tana mwaka 1878 na alizijua sehemu zile. Tarehe 8 Aprili 1885 Simba alitia saini kuwapa eneo la ardhi yake, na tarehe 27 Mei mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya himaya yake. Sultan Barghash wa Zanzibar alipeleka askari dhidi ya Witu. Wajerumani wakajibu kwa kuleta manowari mbele ya jumba lake mwezi Agosti. Barghash akarudi nyuma. Nadhani Simba aliona siku ile kwamba amecheza vyema.

Ila tazameni ramani iliyofuata. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani waliketi Ulaya wakagawana pwani yetu. Sultani wa Zanzibar aliachiwa visiwa pamoja na ukanda wa maili kumi wa pwani, kutoka kusini hadi Kipini. Kuanzia Kipini kwenda kaskazini hadi mwisho wa ghuba ya Manda, Wajerumani walitambuliwa kuwa na Witu. Kisiwa cha Amu kikabaki cha Zanzibar. Kwa hiyo Witu ilikuwa na pwani lakini bandari iliyozoeleka, yenye forodha, maghala, wafanyabiashara wa Kihindi na meli zinazotia nanga, ilikuwa Amu, ambayo haikuwa yao.

Hapo ndipo posta inapoingia. Wajerumani walikuwa na Kampuni ya Witu, iliyoundwa 1887. Walikuwa na mapadri wa misheni ya Neukirchen waliokwenda kukaa Ngao, kwenye mto Tana, tangu mwaka huohuo. Walikuwa na kina Denhardt na mashamba yao. Watu hawa wote walihitaji kuandika nyumbani, na njia ya kutokea ilikuwa Amu. Basi Dola ya Ujerumani ilifungua posta yake ndani ya mji wa Sultani wa Zanzibar, ndani ya nyumba ya Kiamu, mtaani, kwenye njia ambayo punda hupita wamebeba mchanga na chokaa mpaka leo. Himaya yao ilikuwa bara, posta yao ikawa kisiwani kwa mtu mwingine. Wakati uleule, kusini, watu wa Pangani na Bagamoyo walikuwa wamekwishainua silaha dhidi ya kampuni ya Kijerumani chini ya Abushiri bin Salim, na wiki mbili tu baada ya posta kufunguliwa, manowari za Ujerumani na Uingereza zilikuwa zimeanza kuifunga pwani. Aliyefungua posta Amu mwezi ule hakuwa anafikiria barua tu.

Naomba niwaelezee bahasha iliyopita katika nyumba ile inavyokuwa, kwa sababu ndani yake mna habari yote hii kwa ufupi. Stempu iliyobandikwa ni stempu ya kawaida ya Ujerumani, ileile ambayo mtu wa Berlin angenunua kwa ajili ya barua ya Hamburg, yenye tai na thamani yake kwa pfennig. Haikuandikwa jina la Witu wala Amu wala Zanzibar. Kinachoonyesha kwamba barua imetoka kwetu ni muhuri uliogongwa juu yake: duara, tarehe katikati, na maneno LAMU na OSTAFRIKA. Kwa kuwa posta ilidumu muda mfupi, bahasha zenye muhuri huo ni adimu, na wakusanyaji wa Ulaya huzigombania kwenye minada. Wao wanajua habari za posta yetu kwa undani: wino gani, tarehe gani, meli gani. Mtoto wa shule ya msingi Langoni, mtaa wa mji huu, hajui kwamba kitu hicho kipo duniani.

Rudini kwenye forodha, maana hapo ndipo ugomvi ulipochacha. Wajerumani wa Witu walidai kwamba Sultani wa Zanzibar aliahidi kuwakodisha ukusanyaji wa ushuru wa Amu. Kampuni ya Kiingereza, ile iliyoitwa Imperial British East Africa Company, nayo ilidai kwamba imeahidiwa. Mataifa makubwa mawili yakabishana juu ya forodha ya mji wetu mpaka wakamtafuta mwamuzi, Baron Lambermont, mwanadiplomasia wa Ubelgiji. Tarehe 17 Agosti 1889 aliamua kwamba madai ya Wajerumani hayakuthibitika na kwamba Sultani yuko huru kumpa amtakaye. Kabla mwezi haujaisha Sultani Khalifa, aliyemrithi Barghash, akaipa kampuni ya Kiingereza. Ninasoma habari hizi na najiuliza wazee wa mtaa wa Mkomani walikuwa wakisema nini barazani jioni zile, wakijua kuwa ushuru wa pembe na boriti zao unaamuliwa na Mbelgiji. Kama kuna mtu aliandika, karatasi hiyo inastahili fremu kuliko picha ya meneja yeyote.

Mwezi Mei 1890 kampuni ya Kiingereza ikaanza kutoa stempu zake, zilizokuwa stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la kampuni juu yake, kwa ajili ya Mombasa na Amu. Kwa miezi kadhaa basi, mji huu mdogo ulikuwa na posta mbili za Kizungu zilizoshindana, moja ya tai na moja ya Malkia Victoria, na bendera juu ya Ngome ya mji ilikuwa nyekundu ya Zanzibar.

Halafu tarehe 1 Julai 1890. Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mwingine. Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita mbili za mraba, na mambo mengine kadhaa ya mipaka barani Afrika. Katika yale iliyoyaachia Uingereza ilikuwamo Witu. Simba alikuwa amekwishafariki. Kiti kilikuwa cha Fumo Bakari. Naye alikuwa ameshika ahadi za Wajerumani kwa miaka mitano, yeye na aliyemtangulia. Hakushauriwa. Ulinzi aliopewa kwa maandishi uliondolewa kwa maandishi mengine yaliyotiwa saini Berlin.

Waheshimiwa, katika historia yote ya pwani ya Kenya sioni mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi mikataba ya wakoloni ilivyofanya kazi. Walimu wetu hufundisha ugawaji wa Afrika kwa kutaja mkutano wa Berlin, ambao hakuna mwanafunzi aliyeuona. Hapa Amu tuna nyumba ambayo mwanafunzi anaweza kuigusa kwa mkono wake, na kutoka mlangoni pake anaweza kuelezwa hatua kwa hatua namna watu walivyouzwa bila kujua.

Yaliyofuata ni ya damu. Septemba 1890 Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel alikwenda Witu na wenzake kwa shughuli za kukata mbao. Uhusiano ulikuwa umeharibika, watu wa Witu wakiwa na uchungu wa kuachwa. Ugomvi ukazuka kwenye lango la mji, Küntzel akafyatua risasi, na yeye pamoja na wenzake kadhaa wakauawa. Uingereza, ambayo sasa ilikuwa ndiyo "mlinzi", ikataka Fumo Bakari aje kuhukumiwa. Hakuja. Mwishoni mwa Oktoba Admirali Fremantle akapanda kutoka pwani na askari na mizinga, akauteketeza mji wa Witu. Fumo Bakari alikimbilia msituni na Januari 1891 akafa. Miezi miwili baadaye, kwenye Usita wa Mui, Wajerumani wakafunga kitabu cha hesabu, wakakusanya stempu zao na kuondoka. Hawakuwa na himaya tena ya kuiandikia.

Hiyo ndiyo historia ya Posta ya Mjerumani. Nyumba ikarudi kuwa nyumba ya watu kuishi, kama jirani zake, hadi Makumbusho ya Kitaifa yalipoichukua katika miaka ya 1990 na kuifungua kwa umma. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Nyumba ngapi za umri ule zimevunjwa katika miji yetu, tukabaki na jina la mtaa tu? Aliyeamua kuinunua na kuihifadhi alitutendea wema, na ninayoyaomba yanasimama juu ya wema huo.

Ninachoomba kwanza ni kwamba Witu ipewe ukuta wake ndani ya nyumba ile. Simba na Fumo Bakari watajwe kwa majina yao kamili, na ukoo wao, na sababu zao. Watoro watajwe. Mikataba ya 1885, 1886 na 1890 iwekwe ikiwa imefasiriwa kwa Kiswahili, mtu asome mwenyewe yaliyoandikwa juu yake. Kiswahili kiwe cha kwanza ukutani na kwa herufi kubwa, lugha nyingine zifuate. Mgeni wa mbali atapata chake, lakini mama wa Langoni anayeingia na wanawe asihitaji mkalimani kusoma habari ya mji wake. Na wazee wa Witu waitwe, wahojiwe, sauti zao zirekodiwe. Witu iko ndani ya kaunti hii hii. Si nchi ya mbali.

Karatasi zipo. Majalada ya idara ya makoloni ya Ujerumani yamehifadhiwa Berlin. Ya Waingereza yako London. Na mengi yaliyopita kwa mabalozi wao yako Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani. Makumbusho ya Kitaifa yana uwezo na heshima ya kuomba nakala, na siku hizi nakala ya picha haigharimu kama zamani. Kama ombi hilo limekwishapelekwa, tuambieni limefikia wapi. Na mkipata fursa ya kununua hata bahasha moja tu yenye muhuri wa LAMU, inunueni. Irudi mahali ilipogongwa.

Kuna upande mwingine ambao naona umesahauliwa kabisa, nao ni barua zetu wenyewe. Watu wa Amu hawakufundishwa na Mjerumani kuandikiana. Kwa karne nyingi kabla yake barua zilisafiri kwa jahazi, mkononi mwa nahodha au msafiri mwaminifu, kwenda Mombasa, Unguja, Barawa, Hadhramaut na Maskati. Ziliandikwa kwa khati za Kiarabu, nyingine kwa Kiarabu na nyingine kwa Kiswahili, na zilikuwa na adabu zake: zinaanza kwa "ila jenabi", yaani kwa mheshimiwa, zinamtaja mpokeaji kwa sifa zake, zinauliza hali ya jamaa, halafu baada ya salamu ndipo linakuja lililomo moyoni, iwe ni deni la mzigo wa boriti au posa ya binti. Mtu aliyepokea barua alimtafuta wa kumsomea ikiwa hasomi, na majibu yakaandikwa barazani. Huo ulikuwa mtandao wa posta, wenye njia zake na majira yake, ukienda na kusi na kurudi na kaskazi. Posta ya kisasa iliukuta ukifanya kazi, ikaupokea.

Na Waamu waliitumia posta hiyo mpya kwa manufaa yao. Katika miaka ya 1930 mzee Muhamadi Kijumwa, mwandishi wa khati na mchongaji wa mji huu, alikuwa akinakili tenzi na kuwapelekea wataalamu waliokuwa Uingereza. Kazi za mkono wake zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, na bila hizo tungekuwa tumepoteza beti nyingi. Alikuwa mtu mzima tayari Wajerumani walipofungua posta yao. Mtu kama huyu anastahili kuwamo katika nyumba inayozungumzia barua za Amu. Familia nyingi za mji bado zina masanduku yenye barua za babu. Makumbusho yakitangaza kwamba yatazipiga picha na kuwarudishia wenyewe siku ileile, naamini watu watazileta. Wasipoambiwa kwamba nakala halisi inabaki kwao, hawatazileta, na wana haki; tumeshuhudia vitu vingi vya Amu vikisafiri bila kurudi.

Kwa Shirika la Posta nina ombi jepesi. Wekeni sanduku la barua ndani ya nyumba ile, pamoja na muhuri maalumu wa Amu, ili mgeni au mwenyeji anunue kadi, abandike stempu ya Kenya, aigonge muhuri na kuituma kutoka hapo. Watu wanaosafiri dunia nzima hutafuta jambo kama hilo, na watoto wetu wangejifunza namna ya kuandika anwani kwenye bahasha, jambo ambalo wengi wao hawajawahi kulifanya. Tarehe 22 Novemba ya kila mwaka ingekuwa siku yake.

Nyumba yenyewe nayo inataka maneno machache. Nyumba za Amu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mkoko. Ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hauwezi kuzidi nguvu ya boriti moja. Ukuta wa aina hii hupumua. Unanyonya unyevu wa ardhi na chumvi, kisha unautoa kupitia chokaa. Fundi akiupiga plasta ya saruji kwa nia ya kuuimarisha, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya ndani, jiwe linaoza na kuwa unga nyuma ya plasta inayoonekana safi kabisa. Kisha ncha ya boriti iliyochomekwa ukutani nayo inaoza, na siku moja dari inashuka. Mafundi wa chokaa bado wapo Amu lakini wanazeeka. Kila tengenezo la nyumba hii lifanywe kwa chokaa, chini ya fundi anayeijua, na kila tengenezo liwe darasa kwa vijana wawili watatu wanaolipwa kujifunza. Mji wetu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya ujenzi huu. Jengo la serikali likipakwa saruji, nani atamwambia mwenye nyumba wa kawaida asifanye vivyo hivyo?

Nimewaandikia ngazi zote mbili za serikali kwa makusudi. Katiba ya 2010, katika Mpangilio wa Nne, inaipa serikali ya kitaifa majengo na kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa, na inazipa kaunti majumba ya makumbusho na shughuli za utamaduni. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 nayo iko pale. Mtu asiye na nia njema angeweza kutumia mgawanyo huu kumrushia mwenzake mpira mpaka ukuta uanguke. Ninyi msifanye hivyo. Kaeni meza moja, mwandike nani analipia maonyesho, nani analipia boriti na chokaa, nani analipa mishahara ya waongozaji, na kwa mwaka gani wa fedha. Kifungu cha 35 cha Katiba hiyohiyo kinatupa raia haki ya kuyaona maandishi hayo, na tunataka kuyaona.

Najua mtaniambia kaunti ina mambo mazito zaidi: maji ya kunywa ambayo visima vya Shela vinazidi kulemewa kuyatoa, usalama wa barabara ya bara, ardhi, bandari mpya na wavuvi waliopoteza maeneo yao kwa ajili yake. Ni kweli, na simwombi yeyote aache hayo. Ila hayo ya ardhi na bandari yanahusiana moja kwa moja na haya ninayoyaandika. Mara ya kwanza watu wa mbali walipoitaka bandari hii na ardhi ya bara iliyo nyuma yake, walikuja na mikataba, na waliotia saini kwa niaba yetu hawakujua yaliyokuwa yakiandikwa kwenye karatasi ya pili. Kijana wa Lamu anayeingia leo kwenye kikao cha kujadili fidia ya shamba angepaswa kuwa amekwishapita katika nyumba ile na kusoma mkataba wa 1885 na wa 1890, mmoja kando ya mwingine.

Kabla ya kuamua lolote, itisheni mkutano wa wazi ndani ya Ngome, mwalike watu wa Mkomani na Langoni, Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza, na zaidi ya wote watu wa Witu na vijiji vya jirani zao, kwa nauli iliyolipwa. Chukueni maoni yao kwa maandishi. Majibu yenu kwa barua hii tunayaomba kwa Kiswahili, yakiwa na tarehe na jina la afisa atakayehusika, na nakala ibandikwe Mkunguni ambako kila anayekwenda sokoni ataisoma.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi, mzaliwa wa Langoni, Amu.